Safu ya Maji

Jiwe la msingi ndilo pekee lililokamilika.
Lilisimama njia panda ya Maziwang'ombe, marumaru nyeusi,
herufi za dhahabu, na mbuzi wa Bi Chumu
wakijikuna mbavu pale.

Funguo za bohari nilikuwa nazo mimi.
Nilihesabu: mabomba elfu mbili mia nne na kumi na mbili,
koki mia tatu, pampu moja ndani ya kasha,
imevishwa nailoni kama bi harusi.
Daftari halikuwa na safu ya maji.

Mchoro ulikuja kutoka Unguja, umekunjwa vizuri,
mstari mwekundu umenyooka hadi Kiuyu.
Haukujua mawe ya kwetu,
ukipiga sururu inakurudishia cheche.
Aliyechimba alilipwa, akaenda zake.
Wa mabomba alileta inchi nne.
Wa viungo alileta inchi tatu.
Kila mmoja ana hati: kazi imekamilika.
Tangi likangoja kilimani miaka sita.
Popo wakahamia.

Nami sijitoi.
Viungo nilivijaribu kwa mkono siku ile ile,
nikaandika "vimepokelewa", nikafunga mlango.
Ningemwambia nani?
Mradi ulikuwa na wakubwa kumi na mmoja,
mwenyewe hata mmoja.

Mwaka wa saba, usiku, mkunga Time binti Shaame
alimwosha mtoto kwa maji ya madafu.
Asubuhi akaja bohari na kanga yake ya damu.
Hakuuliza habari za mradi.
"Nataka bomba moja, mlangoni kwangu.
Likijaza ndoo, limekwisha.
Lisipojaza, halijesha."

Basi ndoo ikawa ndiyo mchoro.
Fundi Asaa, vijana wanne, kisima cha bondeni,
viungo tukavifunga kwa mpira wa baiskeli.
Likavuja. Tukafukua.
Likavuja tena, pale pale,
Asaa akatukana mpaka akacheka.
Siku ya kumi na tisa ndoo ilijaa.
Hakuna aliyekata utepe; Time alikuwa anazalisha.

La pili lilichukua siku kumi na moja.
La tatu, sita:
makosa tulikwisha kuyafanya
yalipokuwa madogo, ya kubebeka begani.
Sasa yako tisa.
La nane limekauka, hatujui kwa nini. Kesho tunafukua.

Daftari nimelipiga mstari kwa kalamu,
pembeni nimeandika: ndoo.
Na lile jiwe tumelilaza chini ya bomba la kwanza,
dhahabu yake juu,
ndoo ipate pa kukaa.