Siku ya Tisa

Umeme ulipotea siku ya kumi na nne.
Hilo soko zima la Luanda ni shahidi:
saa moja jioni, giza, hadi majogoo.
Asubuhi nikasimama mlangoni pa kibanda,
leso kiunoni kama mfiwa,
nikatangaza: wameniulia mayai, mia tatu na sita.

Nikapewa pole. Pole ilikuwa tamu.
Niliinywa kama uji wa wimbi, nikaomba niongezwe.
Ombima wa kinu cha unga akailaani kampuni pamoja nami,
mama wa nyanya akakumbuka friji ya shemejiye,
na kufikia adhuhuri nilikuwa na lawama za kutosha kufungua duka.
Fundi wa kuchomelea nikampimia yake, kwa kunyonya nyaya.
Kavaya, mke wa kaka, nikampimia na nyongeza,
kwa lile jicho alilonitupia siku niliponunua mashine.

Kisha usiku, kwa kuwa kilichooza hakingoji,
nikachukua karai nikaanza kuyapasua.

La kwanza. La pili. La kumi.
Vifaranga hawakuwa na manyoya.
Jicho kubwa jeusi, kidole kisichofika ukucha,
mdomo ndio kwanza unajifunza kuwa mdomo.
Nimeatamisha miaka minne, maandishi haya nayasoma:
huyu hakufa na siku kumi na nne.
Huyu alikufa na siku tisa.

Siku ya tisa umeme ulikuwepo.
Asiyekuwepo ni mimi.

Nilikuwa Maseno, kwenye harusi ya binamu,
nikicheza hadi viatu vikahamia mkononi.
Nililala huko siku mbili.
Luvembe nilimwambia, "Angalia mashine,"
mtoto wa miaka kumi na mmoja, naye akaangalia.
Aliketi mbele yake, akaitazama.
Sikumwambia maji ya trei, wala kugeuza,
wala kwamba kipimajoto kina ufa tangu Aprili
na husema thelathini na saba hata ukikitia jikoni.

Daftari lipo. Asubuhi, mchana, jioni,
alama za vema zimejipanga kama askari wa gwaride,
kwa kalamu moja, wino mmoja, kwa mkao mmoja:
nilizijaza niliporudi, kabla sijavua kitambaa cha harusi.

Na kama nasema kweli, niimalize.
Machi walipoanguliwa mia mbili na themanini
nilisema mkono wangu una baraka.
Nikachinja. Nikaalika.
Sikumtaja Mideva, aliyeamka saa tisa za usiku
kugeuza yai baada ya yai mimi nikikoroma,
niliyemlipa nusu, akaondoka na nusu yake.
Faida nilikuwa nayo jina moja, langu.
Hasara nikaitafutia majina kijiji kizima.

Jumamosi nilipanda kilima kwa Respa,
mweka hazina wa chama; mayai mia na ishirini yalikuwa yao.
Nilikuwa na elfu mbili, na ahadi ya zilizobaki.
"Lakini si ni umeme?" akauliza.
Mlango ule aliufungua mpana,
ningeweza kupita na ng'ombe.
"Umeme uliwakuta maiti," nikasema. "Ni mimi."

Hakunikumbatia. Alihesabu noti mara mbili,
akasema hii ya mia imechanika, nibadilishe.

Kipimajoto sasa ni kipya.
Mideva nimemlipa nusu yake; amepokea, na kurudi amekataa.
Nageuza mwenyewe, vidole vikijua uzito wa lililo hai,
na umeme ukikatika huwasha jiko, nakaa nalo,
nikiitukana kampuni vilevile, maana nayo ina dhambi zake.

Juzi mchana usingizi ulinichukua.
Nilipozinduka jua lilikuwa limevuka barabara.
Nikafungua daftari, kalamu mkononi,
kisanduku cheupe kikinitazama.

Nimekiacha hivyo.