Fundi Viatu Alisemaje

Hakuna aliyemfundisha, nawaapia.
Mimi nilimfundisha kuhesabu hadi ishirini,
kufunga kamba za viatu,
kusema ahsante kwa sauti ya kusikika,
na hayo yote bado huyasahau.
Lakini jana, kwenye ngazi za soko la Gyumri,
mwanamke mmoja aliangusha kipande cha mkate thelujini
akaenda zake,
na Vahagn, miaka mitano na kamasi zake,
akauchomoa mkono wake katika wangu,
akakiokota, akakipuliza, akakibusu,
akakiweka juu ya ukuta, mahali pa ndege.
Kisha akanirudishia mkono, wa baridi, wa majimaji,
kana kwamba si kitu.

Nalijua busu hilo.
Ni la mama mkwe wangu, Arpenik,
aliyekulia miaka ambayo mkate ulipimwa kama dawa.
Kila Alhamisi huliinamia tanuri la uani, uso mwekundu,
akibandika mikate mipana, myembamba, ubavuni mwa moto,
na kikianguka kipande hukiwahi kabla hakijapoa:
midomo, paji la uso, rafu ya juu.
Hajawahi kumweleza mtoto neno.
Mtoto alikuwa chini ya meza
akiburuta gari lake la kiberiti.
Tulidhani anacheza.

Ningeishia hapa, shairi lingekuwa zuri,
bibi angesifiwa, nami ningepata fungu langu.
Ila kuna Jumanne.

Jumanne mlango uligongwa, mara mbili na nusu,
nikajua ni Knarik wa ghorofa ya chini,
na habari za mwanawe aliyeko Rostov asiyepiga simu.
Nilikuwa na suruali nne za watu za kupindwa,
sindano mdomoni, taa inayokonyeza.
Nikanong'ona: "Mwambie sipo."
Ni hayo tu niliyosema. Maneno mawili.

Yeye akafungua mlango, akasimama wima kama karani.
"Mama hayupo," akasema.
"Amepeleka buti zake kwa fundi viatu.
La kushoto limeachia soli."

Soli! Nani alimpa soli?
Na buti zenyewe zilikuwa pale pale mlangoni,
miguuni pake, zimesimama pamoja, nzima zote mbili.
Kimya.
Kisha sauti ya Knarik, pole, bila ukali:
"Haya, mwanangu. Fundi yule ni hodari.
Mwambie mama nilipita."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, sawa.
Lakini zile saa ambazo humlei je,
umempa kisogo, unamenya viazi,
unamteta shangazi yake kwenye simu,
unamwacha mzee mwenye zamu asubiri mizani dukani?
Yupo chini ya meza. Anaburuta gari lake.
Mlango unaoingiza busu la mkate
hauna bawabu wa kuuzuia uongo.

Nilizivaa buti hizo hizo.
Nilishuka ngazi huku nyuzi zimeninata kifuani,
nikamkuta Knarik anahangaika na ufunguo,
na kwapani bakuli langu la bluu
nililompelekea supu wiki mbili zilizopita.
Ndani yake alikuwa ametia jozi.
Kwetu bakuli halirudi tupu;
hata hilo sikumbuki nani aliniambia.

Sikujua nianze wapi. Nikasema, "Nilikuwepo."
Akasema, "Najua. Ingia, chai bado ya moto."
Nilipogeuka, Vahagn alikuwa ngazi ya tatu, pekupeku,
anatutazama, hajui kama achekwe au apigwe.
Sikumfanya lolote.
Nilisogea kwenye benchi, akakaa.

Usiku, blanketi limemfika puani,
akauliza, "Fundi viatu alisemaje?"
Nikafikiri kidogo.
"Alisema hajaniona."
Akanyamaza kwa muda mrefu, akijifunza
sijui nini.