Kiu ya Mlichi

Shakila Khatun hakuniuzia mbegu.
"Mbegu itakutania," alisema, "utazeeka ukiitazama."
Alipanda kigoda, akachagua tawi nene kama kidole gumba,
akalivua gome, upana wa pete mbili,
akakwangua utelezi wote,
akazungushia makumbi yaliyolowa, juu yake nailoni,
kama anayefunga jeraha la mtoto wa mwenzake.
Ilikuwa Julai, Muzaffarpur inavuja kila paa.
Septemba, nyuzi nyeupe zikachungulia kwenye nailoni.
Akakata.

Kabla sijaaga akanitwika karai
la udongo wa chini ya mti mama.
"Usiuchekeche. Humo mna wasioonekana.
Mlichi hauli peke yake."
Nikacheka moyoni. Mimi karani wa reli,
nimehesabu mabehewa miaka thelathini na mitatu,
kisichohesabika sikijui.
Lakini niliumwaga wote shimoni.

Shimo pana kuliko kina.
Samadi iliyopoa, si ile inayofuka bado.
Majani makavu juu, mkeka mnene, usiguse shina.
Na jembe, marufuku:
mizizi yake iko juu juu
kama usingizi wa mgonjwa.

Aliyeudekeza ni mke wangu, Phuleshwari.
Alishona magunia, akayatundika magharibi
kuuzuia upepo wa Mei, ule unaobabua hata kope.
Mwaka wa tatu ulipotoa maua machache
aliyakonyoa yote kwa kucha:
"Bado mdogo. Atabebaje?"
Majani yalipojikunja, na migongoni yakaota
mahameli ya hudhurungi, laini, ya kutamanika,
ni yeye aliyejua kuwa ule si urembo.
Tulikata, tukachoma nyuma ya choo.

Ila Desemba hakusikia la mtu.
Aliona haya kunywa chai
mti ukisimama na kiu ukungu ukiwa umetanda.
Ndoo asubuhi, ndoo jioni.
Ukamshukuru kwa majani.
Mwaka wa tano, majani. Wa sita, majani,
mapya, mekundu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.
Shakila akachungulia juu ya ukuta:
"Mnafuga kivuli. Uacheni uone baridi.
Mti ulioshiba husahau kuzaa."
"Mimi si mama wa kambo," Phuleshwari akajibu,
akajaza ndoo.

Kisha ile Desemba aliyoteleza pale bombani.
Nyonga. Hospitali, Patna,
mimi nikilala koridoni juu ya gazeti,
wiki tisa.
Nyumbani hapakuwa na wa kushika ndoo.

Tuliporudi, Februari, mti ulikuwa na vumbi,
majani yamefifia kama nakala ya tatu ya stakabadhi.
Nikakimbilia bomba.
Akanishika mkono, amesimama kwa mkongojo.
"Ngoja. Tazama ncha."
Kila ncha ilikuwa na kitu,
vichwa vya pini, rangi ya chai kavu,
maelfu. Hata mimi sikuhesabu.
Tulichoshindwa kuufunza, ulimwengu uliufunza.
Phuleshwari hakucheka. Alikaa kitako chini,
akauomba msamaha, au aliudai. Sikuuliza.

Machi, nyuki.
Matunda yaliposhika, ndipo maji: kila jioni ya tatu,
bila kuruka, kwani ganda lililozoea kiu
likigugumia ghafla hupasuka.
Mei, wavu dhidi ya popo.
Na subira, maana lichi likishachumwa haliivi tena,
ulichokata ndicho utakachokula.

Arobaini na moja.
Haya niliyahesabu.
Kichala cha kwanza tulimpelekea Shakila.
Akamenya moja, akalitazama lile jicho jeupe,
akala, akatema kokwa kiganjani.
"Na karai langu?
Miaka saba sasa."

Nikamwambia kweli: lina udongo.
Binti wa fundi saa ng'ambo ya barabara
ameomba tawi.