Aliyecheza Siye

Figo zimemleta babu kwetu Kirumba;
bibi kabaki Nansio na mbuzi tisa na mihogo.
Leo nimemwegemezea simu kwenye mto,
nikakuza picha hadi kopa ikawa kubwa kama kiganja.
"Nani kachanganya?"
Mashine, babu.
"Na nani kakata?"
Hakuna kitufe cha kukata.
Akakunja mikono. Hachezi.

Kule ng'ambo bibi Nyanjige akacheka,
akagonga kioo kwa ukucha, mara moja:
"Nimekata, Leodegari. Gawa."

Wakacheza. Turufu shupaza.
Kimya, kikohozi, kimya,
kama sebuleni kwao, redio imezimwa kulinda betri.

Saa mbili na robo mtandao ukafa.
Nikapanda nayo simu juu ya jiwe nyuma ya choo,
nikainyoosha kuelekea ziwani
kama mtu aombaye chumvi kwa jirani.
Dakika ikaisha. Mashine ikamchezea babu:
ikatupa ree ya kopa, hivi hivi, mezani.

Mtandao uliporudi bibi hakuwa amegusa karata.
"Huyo aliyecheza siye," alisema.
"Mume wangu ree ya kopa haitoi
mpaka nikohoe.
Miaka arobaini na sita hii.
Mrudisheni."

Nikateremka mbio, jiwe likanichubua goti.
Babu akaipokea simu kwa mikono miwili,
akaisogeza mdomoni badala ya sikioni.
"Nipo," akasema. "Nyanjige, nipo.
Kohoa."