Siku Thelathini za Majaribio

Kompyuta mpya iliingia Ukmergė siku ya Jumanne
ndani ya boksi, na theluji begani mwa aliyeileta.
Niliitoa kama mtoto anavyotolewa kwenye beseni:
mikono miwili, pumzi nimeibana.

Ikaniita kwa jina, Gintautė,
nukta ya herufi ya mwisho ikaisahau,
kisha ikaomba namba ya kadi ya benki.
Barua utaandika, ikasema,
kwa siku thelathini za majaribio.
Siku ya thelathini na moja
utasoma ulichoandika, ila usikiguse.

Mimi
niliyesahihisha magazeti miaka thelathini na minne,
nikiwinda koma zilizotoroka hadi saa tisa za usiku
na wino bado mbichi viganjani,
leo niambiwe nipange kalamu kama chumba?

Pensheni yangu naijua kwa jina na ukoo.
Ndani yake mna kuni, mna dawa ya presha,
mna siagi wiki ya kwanza na majarini wiki ya mwisho.
Mpangaji mwingine hapati pa kulala.

Jumamosi akaja Ugnius, mjukuu wa dada yangu,
flashi mfukoni, imechanganyika na maganda ya alizeti.
"Bibi, zipo programu za bure."
Bure! Neno hilo tumejuana zamani:
ni jasho lisilo na ujira,
ni foleni ya saa nne na duka likafungwa.
"Basi usiseme bure," akanijibu, "sema huru.
Ni kama daftari la mapishi lililoachwa wazi mezani.
Unasoma, unapunguza chumvi, unamnakilia jirani."

Tulijaribu mpaka supu ikapoa.
Ya picha ilikuwa na vitufe kama chumba cha rubani,
tukaifuta.
Ya pili ikatosha.
Printa yangu ya zamani ilikohoa, ikagoma,
na Ugnius akatamka maneno
ambayo katika gazeti ningeyapiga mstari mwekundu.

Kisha diski ya Zigmas, marehemu wangu.
Faili moja, mizinga ya nyuki,
iliyoandikwa kwa programu iliyokufa kabla yake.
Zile za kukodi ziliitazama zikasema: haitambuliki.
Hii ya huru ilikawia, kama mtu anayepapasa miwani,
halafu safu zikaanza kushuka, zimepinda kidogo:
mzinga wa tatu, malkia dhaifu;
mzinga wa saba, kilo kumi na moja;
na pembeni, kwa herufi ndogo,
"Ile nyeupe ya Juni G. anaipenda. Isiuzwe."

Ugnius akaenda kuchochea moto
ambao haukuhitaji kuchochewa.

Usiku huo nilibaki peke yangu na menyu,
nikaisoma kama nilivyozoea kusoma, kwa ncha ya penseli.
Mstari wa nne, chini ya "Hariri",
neno la Kilithuania limeangusha mkia wa herufi.
Kosa dogo. Lakini lilinikuna.
Nikaandika kwa wenyewe, ambao sikujua ni akina nani:
hapa pana ogonekas, nanyi mmeisahau.
Siku tatu kimya. Ya nne, jibu
kutoka kwa Rimantė fulani wa Šiauliai:
"Kweli. Tumerekebisha. Una macho, mama.
Kuna kurasa mia mbili nyingine. Unazitaka?"

Leo ni siku ya thelathini na moja.
Nje, barafu inadondoka kutoka kwenye paa la zizi.
Hakuna kilichofungwa.
Niko ukurasa wa kumi na tisa,
na wameandika "faili" kwa namna tatu tofauti,
watoto hawa.