Hesabu ya Kinyozi

Walikuja Jumanne, joto la kaskazi limekaza,
binti mmoja wa afya na kijana wa kumshikia mkoba,
wakasimama mlangoni pangu, Kongowea,
wakaniuliza: katika wateja mia
wangapi wana choa?

Nikacheka. Mia ya nani?
Mimi huhesabu kwa kiti.
Wakikalia kumi tangu asubuhi,
wanne wana kitu.
Sheebwana, mpakizi wa bandarini,
mba imemtapakaa shingoni
kama chokaa iliyomponyoka mpaka rangi.
Wajukuu wa Mwanakombo, watatu kati ya wanne, mapunye,
duara kwa duara, sarafu zisizonunua kitu.
Famau, msikitini husubiri wenziwe watawadhe kwanza
ndipo avue soksi.
Na Dzombo wa mkokoteni,
huuza maji kutwa kucha,
kuoga kwake ni Ijumaa.

Wanajitibu kwa nini?
Andika, binti. Kitunguu saumu. Ndimu na chumvi.
Mafuta ya breki.
Maji ya betri: ngozi ikatoka, choa kikabaki.
Wengine hawajitibu kabisa.
Jasho ni la wote, wanasema,
nani amewahi kuzikwa kwa kujikuna?

Binti akaandika.
Mkono wa kushoto ukapenya chini ya mtandio,
ukakuna mara moja, upesi, ukarudi.
Nikatazama kando. Ndiyo adabu ya kiti changu.

Kijana akavuta pazia, akawasha taa ya zambarau.
Nikadhani ataomba kichwa.
Akaomba mashine.

Mashine niliyoikopea kwenye chama,
ninayoilaza kwenye kitambaa chake kila usiku.
Vinywele vilivyokwama katika meno yake
vikawaka kijani,
kijani cha kimulimuli, kizuri, Mungu anisamehe.

Miaka miwili nahesabu vichwa vya watu.
Shilingi hamsini kunyoa,
na choa juu yake, bakshishi.

Hawakunilaumu. Waliandika namba,
wakaniachia chupa ya spiriti,
wakavuka barabara kwenda kwa Ngala,
naye nikamwona akifuta kiti chake kwa haraka.

Alasiri Mwanakombo kamleta mjukuu wa nne,
kichwa safi kama yai.
Kesho shule, mnyoe.

Mtoto amekaa, miguu haifiki chini.
Spiriti inakauka kwenye meno.
Namwambia asubiri.
Bibi yake anauliza kuna nini.
Namwambia asubiri kidogo tena.