Mara ya Nne

Mara ya nne sasa naletewa gari hili.
Nyumba yenye magurudumu, ndivyo Cirhuza anavyoiita:
kitanda, jiko la gesi, cherehani mbili zilizokazwa kwa bolti,
na pazia la kitenge alilolishona mwenyewe
njiani kati ya Walungu na Kamanyola,
soko hadi soko.

Radi iliipigia Kavumu, mwezi wa kumi.
Yeye alikuwa ndani, akitia uzi kwenye sindano.
Sindano, anasema, ndiyo iliyotangulia kujua.

Mara ya kwanza nilibadilisha fyuzi. Taa zikawaka.
Mara ya pili, fyuzi na rele. Zikawaka mpaka mvua.
Mara ya tatu betri, alteneta na matumaini;
nikaandika bei, nikapunguza bei, nikaona haya.
Leo yuko tena hapa Nyawera, mlangoni pangu,
taa zikipepesa kama jicho la mtu anayedanganya.

"Huu si umeme, Nabintu. Hii imetumwa."
Na anamtaja mdogo wake, Bagalwa,
kwa sababu ya kipande cha shamba la migomba kule Burhale.
Namwambia radi haibebi barua.
Ananigeuzia sikio la kushoto, lile lililobaki:
"Unasemaje?"

Basi nikalala chini, mgongo kwenye matope,
kipimo kifuani.
Kumi na mbili na nusu.
Kumi na mbili na nusu.
Washa taa: tisa.
Haya, volti tatu na nusu zimekwenda wapi?
Hata mwizi hupita mahali.
Nikaufuata waya wa masi, ule wa kurudishia umeme,
kwa vidole, shubiri kwa shubiri,
chini ya zulia, nyuma ya jiko,
hadi mahali ambapo mpira wake ulikuwa mzima, unang'aa,
na nilipoubana kwa ukucha
ukabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.
Nikaupasua. Shaba ilikuwa unga wa kijani.

Radi ilipita humo mara moja tu, haikuacha kovu nje.
Unyevu ukaingia kwa tundu nisiloliona
ukala, miezi, bila haraka.

Nikamwita aone. Akaona.
Akakaa kimya muda mrefu.
"Na ni nani aliyeionyesha njia hiyo?"

Sikujibu. Nilikata mita mbili, nikaunga waya mpya,
nikakwangua bodi mpaka chuma cheupe, nikakaza.
Mvua ilikuwa imeshashuka juu ya Kadutu,
umeme wa mtaa umekatika, giza limeingia mapema,
na aliyenishikia tochi saa nzima
bila neno, maji yakimtiririka shingoni,
alikuwa Bagalwa.

Kumi na mbili na nne.
Tukangoja ngurumo. Ikaja. Ikaja nyingine, karibu zaidi.
Taa hazikutikisika; aliyetikisika ni Cirhuza.
Akachukua sindano, akalamba uzi,
akakosa tundu, akakosa,
kisha akamsogezea mdogo wake, bila kumtazama.
Naye akakosa.

Nikafuta koleo, nikaandika bei.
Safari hii sikupunguza.